Wanamichezo, tujumlishe vitamini tunazomeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa mwambao wanaofanya mazoezi: wacheza mpira, waogeleaji, wanaokimbia ufuoni, na hasa sisi mabaharia wa mashua za mashindano hapa Lamu. Nataka kusema juu ya vitamini za vidonge na za unga. Tunazimeza kana kwamba hazina kipimo, nami zimenitia ganzi ya miguu ambayo mpaka leo haijanitoka yote.

Nina miaka 44, nakaa Shela. Kazi yangu chomboni ni ya ubaoni. Tanga likijaa upepo na mashua ikalala, hutolewa ubao nje upande wa joshini, unakotoka upepo, nasi watu wawili watatu hutambaa hadi nchani ili uzito wetu uiinue. Ubao umerowa, macho yako kwa nahodha, mikono imeshika kamba. Kinachokujulisha kwamba unateleza ni wayo wa mguu, basi. Msimu wa kaskazi uliopita, tukibisha, yaani tukienda kinyume cha upepo, karibu na Manda, nilianguka majini bila kusikia kwamba nimeteleza. Wenzangu walinitoa, wakasema ni uchovu, nami nikasema ni uchovu. Usiku ule nilipokuwa naosha miguu nikakuta kipande cha chaza kimezama kwenye wayo na damu imeganda. Sikukisikia kikiingia.

Wakati huo, kila asubuhi kabla ya kukimbia mchangani, nilikuwa nanywa vijiko viwili vya unga wa protini uliotiwa vitamini, kisha tembe moja ya vitamini mchanganyiko, kisha tembe ya vitamini B za aina zote ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Dubai. Nilikuwa nimeambiwa, na mimi nikiwaambia vijana, kwamba mtu anayetoka jasho jingi hupoteza vitamini na lazima azirudishe. Sasa najua kwamba jasho ni maji na chumvi. Vitamini zinazotoka nalo ni chache mno.

Kwa ajili ya ile ganzi nilikwenda duka la dawa. Nikapewa vidonge vya mishipa ya fahamu, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Muuzaji hakuniuliza nameza nini kingine, wala mimi sikusema, kwa kuwa sikuhesabu vitamini kuwa dawa. Baada ya wiki sita ganzi ilikuwa imefika vifundoni na kwenye ncha za vidole vya mikono. Nilishindwa kufunga fundo la kamba ambalo nalifunga tangu nina miaka minane. Siku hiyo niliogopa kwelikweli.

Daktari aliyenipokea ni binti mdogo, rika la mwanangu. Alinisikiliza, akanigusa nyayo kwa pamba, kisha akasema: "Ami, kesho niletee kila unachomeza, hata chupa tupu." Nikaenda na kikapu. Akasoma maandishi ya kila mkebe, akawa anaandika tarakimu za kitu kimoja tu, vitamini B6. Unga, miligramu 5 kwa kijiko, vijiko viwili. Tembe mchanganyiko, 25. Ile ya Dubai, 100. Vidonge vya mishipa, 200 mara mbili. Jumla, miligramu 535 kwa siku. Halafu akaniandikia chini yake mahitaji ya mwanamume wa umri wangu: 1.3.

Nilimjibu lile jibu ambalo sote tunalo, kwamba vitamini B na C hazikai mwilini, zinazozidi huenda na mkojo. Akasema ni kweli kwa sehemu, na kwamba ndilo neno linalowaponza wengi. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za B6 kila siku. Walikufa ganzi mikono na miguu, wengine wakashindwa kutembea sawasawa. Baadaye ikaonekana kwamba hata dozi ndogo kuliko zile huwadhuru baadhi ya watu wakizizoea muda mrefu. Marekani wameweka mpaka wa miligramu 100 kwa siku kwa mtu mzima, na Ulaya mwaka 2023 wakaushusha wa kwao hadi 12. Mimi nilikuwa natibu ganzi kwa kuongeza kile kile kilichoileta.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Kipande cha jodari cha gramu 85 kina B6 kiasi cha miligramu 0.9, na ndizi moja mbivu ina 0.4. Piga hesabu. Mahitaji yangu ya kutwa yalikuwa yakiletwa pwani na wavuvi wetu wenyewe, nami nikipeleka pesa dukani.

Sisemi B6 peke yake. Marehemu baba alikuwa akipaka vyombo sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo kila mtoto wa Lamu anaijua harufu yake. Katika miaka ya 1940 maini ya papa yalikuwa yakitafutwa sana huko Marekani, kwa sababu yamejaa vitamini A, mpaka ilipopatikana njia ya kuitengeneza kiwandani. Vitamini hiyo, pamoja na D, E na K, huyeyuka katika mafuta, na mwili huweka akiba. Ndiyo maana watoto kliniki hupewa matone ya vitamini A mara moja kwa miezi sita, yakatosha. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 3,000 kwa siku za ile iliyo tayari, inayotoka kwenye ini na vidonge. Ikizidi kwa muda, huumiza ini na mifupa, na kwa mwanamke mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Embe na karoti hazina hatari hiyo, kwa kuwa zina kitu ambacho mwili wenyewe hukigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji.

Na kwa wanaotafuta nguvu: huko Norway watafiti waliwafanyisha mazoezi vijana 54 kwa wiki 11, nusu yao wakipewa kila siku vitamini C miligramu 1,000 na E miligramu 235. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Pumzi ya makundi yote mawili iliongezeka sawa, lakini ndani ya misuli ya waliomeza vitamini hazikuonekana zile dalili za kujijenga zilizoonekana kwa wenzao. Inaelekea mazoezi huuchokoza mwili kidogo ili ujiimarishe, na dozi kubwa za vitamini hizo huunyamazisha mwito huo. Vijana wetu wanalipa ili wasifaidike na jasho lao.

Wapo wanaozihitaji. Mke wangu alipokuwa mjamzito kliniki ilimpa madini ya chuma na asidi ya foliki, na alifanya vyema kumeza. Ila alipimiwa na mtu anayejua.

Ninachoomba ni kwamba wauzaji wa dawa waulize, kabla ya kumpa mtu tembe ya vitamini, anatumia nini kingine. Wakufunzi waache kugawa vidonge vya "nguvu" ufuoni kabla ya mashindano. Nimeyaona haya kwa macho yangu, wanapewa hata watoto wa shule. Na wenye mamlaka ya dawa na viwango walazimishe maandishi ya mikebe yawe kwa Kiswahili. Mikebe yangu yote minne ilikuwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo ambazo hata nikivaa miwani sizioni vizuri.

Niliacha vyote siku ile ile. Wiki za kwanza ganzi ilizidi, na daktari alikuwa ameshanionya kwamba itakuwa hivyo. Sasa ni mwezi wa saba tangu niache. Vidole vya mikono vimerudi, vifundo vimerudi, nyayo bado nusu. Nahodha amenihamishia kwenye kuchota maji chomboni, na ubaoni anakwenda kijana wa miaka 19. Juzi nilimwomba anionyeshe mikebe yake. Alikuwa nayo mitatu. Tuliketi gatini baada ya sala ya alasiri tukajumlisha pamoja, na mkebe mmoja amekubali kuuacha.

Baharia wa Shela,
Lamu