Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, mafundi rangi wenzangu wa magari na samani hapa Dodoma,

Ya ada na mikopo mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nina moja tu, lililotugawa mwaka mzima: hoja ya kuchangishana ili kila fundi apimwe damu ajue kama thina imeshakula mishipa yake ya fahamu.

Kamati iliuliza wataalamu. Kipimo kimoja cha damu cha kusema hivyo hakipo. Vipimo vilivyopo vingi vinaeleza kilichoingia mwilini, siyo kilichoharibika. Toluini, kemikali ya kwenye thina, kwa mfano, ini huigeuza kuwa asidi ya hipuriki, nayo hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja hivi. Pumzika Jumapili, pima Jumatatu asubuhi, utaonekana msafi kama malaika. Tena soda iliyohifadhiwa kwa benzoeti huleta asidi hiyohiyo, kwa hiyo anayeshushia chapati zake kwa soda mbili anaweza kuonekana ameoga thina! Ndiyo maana siku hizi hupimwa toluini yenyewe, kwenye damu au mkojo. Kwa wenzetu wa masofa, kemikali ya heksani, ikiwa imo kwenye gundi, mwili huigeuza kuwa heksanidioni, na hiyo ndiyo yenyewe inayoua neva. Ganzi huanzia vidole vya miguu. Ipo pia homoni ya prolaktini, iliyochunguzwa kama dalili ya madhara kwa wafanyakazi wa faiba wanaovuta mvuke wa kemikali ya stairini, lakini hata msongo wa mawazo huipandisha.

Kilichonishtua mimi ni mlango wa gari aina ya Noah. Mzee wetu mmoja wa Nkuhungu alichanganya bluu ya kuziba kiraka, akapuliza, akarudi nyuma kutazama, akaridhika. Kijana wake akamwambia, "Mzee, hii imekwenda kijani." Nusura wagombane. Niliitwa kuamua, tukausogeza mlango juani, na kijana alikuwa sahihi. Kuchanganya bluu na kijani, au kutoitambua vizuri manjano, ni dalili inayojulikana kwa waliovuta kemikali hizi miaka mingi. Kisukari na mtoto wa jicho navyo huleta hali hiyo, kwa hiyo hatukumhukumu. Amekubali kwenda kwa daktari wa macho, ambako atapimwa uwezo wa kutofautisha rangi kwa kupanga vifuniko 15 vidogo vya rangi kwa mfuatano.

Kamati imeikataa hoja ya damu. Wenye vijana na deiwaka wakumbuke kwamba sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe wanapimwa afya. Na tuache kupuliza rangi tukiwa tumefunga milango kwa kuogopa vumbi la Dodoma. Tandaza maji sakafuni, fungua upande usio na upepo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Tumenunua zenye kichujio cha mkaa, ila duka moja mjini lilituuzia vichujio vilivyokwisha muda. Tumevirudisha. Fedha bado hazijarudi, na katibu anakwenda tena Alhamisi.