Miaka 30 haimtishi mwenye arosto

Ndugu Mhariri,

Nimemsoma msomaji wenu anayetaka wanaohusika na unga, yaani heroini, wanyongwe, muuzaji na mtumiaji kwa pamoja. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na hasira yake naijua. Mtaani kwetu ukiegesha baiskeli bila kufuli ukaingia dukani, unarudi nyumbani kwa miguu, teja keshaiba akanunue unga.

Ila adhabu kali mbona tunazo? Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, ilivyorekebishwa 2017, inamfunga msafirishaji wa heroini miaka 30 hata mzigo usipozidi gramu 200. Ukizidi hapo, ni maisha. Papa, yule muuzaji mkubwa anayeshushiwa mzigo baharini, hupiga hesabu, basi na afungwe, simtetei. Lakini teja aliyeshikwa na arosto ya kukosa unga, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, hana hesabu ya miaka. Anaitaka kete, dozi yake ya unga, saa ile ile.

Na vitu vyetu vikiibwa haviendi mbali. Vinaishia kwenye mizani ya chuma chakavu, vinapimwa kwa kilo, muuzaji haulizwi kavitoa wapi. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali huku akijua ni ya wizi. Hata hivyo, kila nikiripoti naulizwa namshuku teja gani. Mizani gani, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuna dogo mmoja hapa mtaani, jina namhifadhia, alikuwa haachi kitu kilicholegea. Sasa kila asubuhi anakwenda hospitali ya Bombo, anakunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, mbele ya mhudumu, kisha anakuja kunisaidia kuziba pancha. Ufunguo wa kibanda sijampa bado, akili zangu ninazo, lakini spana zangu jioni nazikuta zote. Miaka yote alipokuwa akikamatwa na kuachiwa sikuyaona hayo.

Tabu ni kwamba dawa ile hunywewa kila siku. Kijana wa Pongwe, huko pembezoni mwa jiji, asiye na kazi atoe wapi nauli ya kwenda na kurudi kila kukicha? Akikosa, anarudi kule kule, na sisi tunarudi kufunga minyororo. Huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011 na imeshatufikia Tanga, basi isogezwe hadi vituo vya pembezoni. Na kila mwenye mizani awe na daftari la majina na namba za vitambulisho, polisi walipitie bila kutoa taarifa.

Diwani wetu huja kwangu kujaza upepo. Akija tena nitamwambia haya haya.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga