Dada nesi wa zamu ya jioni, asante

Jina lako sikuuliza dada, ila hii ni yako. Miaka mingi hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni, uzito unapanda, naambiwa tu punguza kula (kama vile sijajaribu!). Siku ile ukanikuta nalia kwenye benchi, ukavuta kiti, ukaniuliza kitu hakuna aliyewahi kuniuliza, utotoni kwenu kulikuwaje? Nikakumwagia yote, vipigo, kulala na hofu, we unasikiliza tu hata simu hukugusa. Halafu ukachukua karatasi ukachora ubongo, tezi za juu ya figo na ovari, ukanieleza mtoto akiishi kwa hofu muda mrefu kotisoli (ile homoni ya msongo) inaweza kuvurugika na mwili ukabaki na hiyo hali mpaka ukubwani, ukanitajia na ule utafiti wa Marekani wa 1998 uliohusisha mateso ya utotoni na magonjwa ya ukubwani. Ukasisitiza sio ndo chanzo pekee, kurithi kupo, na dawa nisiache. Ukaniandikia maswali matatu ya kumuuliza daktari, ukanipeleka mwenyewe hadi kwa mshauri nasaha na zamu yako ilishaisha. Manesi wengine jamani, hilo swali la utotoni liulizeni. Karatasi bado ninayo, imekunjika hiyo!