Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Busia, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Shughuli za mwaka mnazijua. Kamati ilikutana, ghala lilipakwa rangi, misiba ilichangiwa, na choo kipya kilikamilika. Ujenzi wake niliusimamia mwenyewe. Wanachama walioandikishwa ni 186, waliomaliza ada 71, waliofika leo 30. Inaniuma sana. Wengi wanaolalamikia ajira za ghala hawajalipa hata ada ya nusu mwaka.

Sasa ajira hizo. Kati ya nafasi 5 za ukarani tulitenga 2, moja ya mwanamke na moja ya mtu mwenye ulemavu. Pendekezo lilikuwa langu na nalisimamia. Tangu ghala lifunguliwe makarani wote wamekuwa wanaume, ilhali mahindi na maharage mengi yanayoingia ni ya kina mama. Na nani asiyewajua wenzetu wenye ulemavu, wa baiskeli za magurudumu matatu, waliovusha mizigo mpakani hapa miaka yote? Kuvusha wanaaminiwa, kuandika daftari hawafai?

Wote wawili tuliowaajiri katika nafasi hizo walifanya mtihani uleule na kufikisha alama tuliyoiweka. Ni kweli kijana mmoja aliwapita kidogo akakosa kazi. Baba yake ni mwenzetu, na uchungu wake nauelewa. Lakini kijana huyo ana milango mingine mjini; hawa wawili walikuwa wakirudishwa getini kabla hata ya kuulizwa wanajua nini.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 32, inaitaka serikali iwainue walioachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu au mila. Chama si serikali, najua. Ila kila wilaya ina mbunge wake mwanamke, theluthi ya viti vya madiwani ni vya wanawake, na Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana wanaoomba kujiunga alama 1.5 mwaka 1990. Kwa nini ghala letu libaki nyuma?

Mwanachama mmoja alisema Marekani imeshayakataza haya. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko wa 2023, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Harvard, ulihusu rangi na asili ya waombaji wa chuo, kwa katiba yao. Yetu inaagiza kinyume.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikiingia, tunatarajia kupanua ghala na kuajiri tena. Anayetaka nafasi hizi zilizotengwa zifutwe alete hoja mkutanoni, ipigiwe kura. Leo haiwezekani: akidi ni nusu ya waliolipa ada, na hatujafika.