Ratiba ya Ligi Kuu ya England imemsahau anayekwenda uwanjani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wasomaji wengi wa kurasa zako za michezo, wanaoifuata Ligi Kuu ya England kwa televisheni, si rahisi walione wakiwa huko nyumbani. Mimi ni Mtanzania ninayeishi kaskazini mwa Uingereza, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiingia uwanjani kuishangilia timu yangu, iwe nyumbani au ugenini. Kwa niliyoyaona, mtu anayekata tiketi na kwenda uwanjani ndiye anayefikiriwa mwisho kabisa.

Nianze na ratiba, maana hiyo ndiyo inayotuumiza zaidi. Mechi iliyopangwa kuchezwa Jumamosi saa tisa alasiri huchukuliwa na televisheni ikasogezwa hadi Jumapili, au Jumatatu saa mbili usiku, na aliyekwisha kulipia treni mapema ili apate nauli nafuu hana wa kumrudishia fedha zake. Niliwahi kwenda pwani ya kusini kwa mechi ya Jumatatu usiku. Mpira uliisha saa nne, treni ya kurudi kwetu ikawa hakuna, tukapanda basi la mashabiki lililotufikisha karibu saa kumi alfajiri. Kiti cha mbele yangu alikuwapo baba na binti yake wa miaka tisa hivi, amelala na skafu shingoni, na kila tuliposimama njiani yule baba alitazama saa na kuhesabu muda uliobaki kabla ya kumwamsha mtoto aende shule. Wala haya si ya ligi peke yake. Mwezi Aprili 2022, Liverpool na Manchester City walipangiwa nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Wembley, jijini London, wikiendi ya Pasaka ambayo treni za moja kwa moja kutoka miji hiyo miwili hazikuwapo kwa sababu ya matengenezo ya reli. Tarehe haikubadilishwa, mashabiki wakatafutiwa mabasi.

Kuhusu bei, mashabiki wamejifunza kwamba wasiposimama wenyewe hakuna atakayewasemea. Februari 2016, maelfu ya watu waliondoka Anfield, uwanja wa Liverpool, dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, na siku chache baadaye wamiliki wa Liverpool waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Mwezi uliofuata klabu zote za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba shabiki wa ugenini asitozwe zaidi ya pauni 30. Hata hivyo, shabiki wa nyumbani hakuwekewa kikomo chochote, na ndiyo maana mwaka 2024 Manchester United waliweza, msimu ukiwa katikati, kupandisha tiketi zilizobaki hadi pauni 66 na kuondoa punguzo la watoto na wazee. Mzazi mwenye watoto wawili hapo afanyeje?

Kisha kuna VAR, yaani waamuzi wanaokagua matukio kwa video na kumweleza mwamuzi wa kati, iliyoanza kutumika katika ligi hii msimu wa 2019/20. Goli linaingia, unamkumbatia mzee usiyemjua hata jina ingawa mmekaa safu moja kwa misimu minne, na ghafla uwanja mzima unanyamaza kwa sababu mwamuzi ameweka kidole sikioni. Ninyi mlio mbele ya televisheni mnaoneshwa marudio na mistari ya kuotea. Sisi tuliolipa kiingilio tunabaki kutazama ubao na kuulizana kinachokaguliwa. Goli likikubaliwa, ile furaha ya kwanza hairudi. Mwaka 2024 klabu ya Wolves ilipendekeza VAR iondolewe, ikashindwa kwa kura 19 dhidi ya moja yake yenyewe.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya watu wenye uwezo, na kwamba anayelipa kuingia kibanda umiza kutazama mpira kule Mbagala, Dar es Salaam, ana yake ya kulalamikia. Sibishani nao. Lakini wakumbuke Juni 2020, ligi iliporejea viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona na televisheni zikalazimika kuweka kelele za kurekodiwa. Kila aliyetazama mechi zile anajua ladha ilivyopungua. Sauti ya mashabiki ni sehemu ya bidhaa inayouzwa hadi kwetu Afrika Mashariki, na wenye sauti hiyo ndio haohao wanaoachwa kituoni usiku wa manane ili saa ya mechi iwafae watazamaji wa televisheni, wakiwamo wa huko nyumbani.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako anapoandika kwamba mechi fulani imesogezwa siku au saa, aongeze sentensi moja tu ya kueleza mashabiki wa timu ngeni wanatoka umbali gani, na kama kuna treni ya kuwarudisha kwao usiku huo.

Wako katika michezo,
Msomaji, kaskazini mwa Uingereza