Mbegu za bustani hufia barazani mwa duka

Ndugu Mhariri,

Mvua zikikaribia, maduka mengi ya pembejeo huku Mtwara na Lindi hutundika pakiti za mchicha, bamia, nyanya na bilinganya barazani, jua likizipiga tangu asubuhi. Mnunuzi hutazama picha ya nyanya nyekundu, hulipa, akaondoka. Wiki mbili baadaye kitalu ni mapengo matupu, na lawama zinaangukia udongo, kuku, hata jicho la jirani.

Mbegu ilishakufa dukani. Unyevu ndani ya mbegu ukiongezeka kwa asilimia 1, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Joto la mahali ilipowekwa likipanda nyuzi 5, ni vivyo hivyo. Sisi wa pwani tunavyo vyote viwili. Kitunguu ndicho dhaifu zaidi: mbegu yake ya mwaka jana iliyokaa wazi ni ya kutupa.

Kwa hiyo omba pakiti iliyokaa ndani, kivulini. Geuza nyuma, usome jina la aina, namba ya fungu, tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha utafute lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini. Iliyopauka iache. Ile ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi haina tarehe wala asili, ina unafuu wa bei tu.

Hata yenye lebo ipime. Hesabu mbegu 20, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kikiwa kinachuruzika, mbegu nzima nazo zitaoza na utaikataa mbegu isiyo na kosa. Kunja, funika kwa sahani, weka kivulini. Mchicha ukague siku ya 5, nyanya siku ya 10, hoho siku ya 14. Zikiota 16, panda kama kawaida. Zikiota 10, utamwaga mara mbili na miche mingine bado itatoka legelege. Chini ya hapo, rudi dukani na kitambaa chako mkononi.

Aina nayo ina maneno. Nyanya ya Tengeru 97 hustahimili minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, ambao mchanga wetu ni nyumbani kwao. Lakini ustahimilivu huo hulegea udongo ukizidi nyuzi 28, na mchanga ulio wazi hapa hufika huko mchana kweupe. Tandaza nyasi kavu shinani, unene wa vidole vinne. Na pakiti ikiwa imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, usikamue mbegu za msimu ujao: zitaota, ila kila mche utazaa lake.

Mbegu zilizobaki zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na mchele uliokaangwa hadi ukauka na kupoa. Mwenye friji aiweke humo. Siku ya kuitoa, asiifungue mpaka ubaridi uishe, maana hewa yetu itazitoa mbegu jasho papo hapo.

Mdau wa bustani,
Mikindani, Mtwara