Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Chuo,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi na wafanyakazi wote,
Wazazi na walezi wetu,
Wadogo zetu tunaowaacha chuoni,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu, ilhali tunajua meza yako haipungui mafaili. Tunajua pia kwamba risala za mahafali huanza na historia ya chuo na kuishia na ombi la basi. Basi kweli hatuna, lakini hilo tumemwachia Mkuu wa Chuo. Sisi tumeomba nafasi hii tuzungumzie utafiti wa tiba unaofanyika katika wodi za watoto, na mtoto anayetoka wodini humo kurudi kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa huu una haki ya kujivuna. Kati ya mwaka 2005 na 2010, Hospitali Teule ya Muheza na hospitali ya Korogwe zilikuwa miongoni mwa hospitali 11 za Afrika zilizolinganisha kwinini na sindano ya artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walishiriki. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa artesunate asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Wauguzi waliotutangulia wanaikumbuka dripu ya kwinini: inatiririka kwa muda wa saa nne, na kurudiwa kila baada ya saa nane, huku ukihofia sukari ya mtoto isishuke. Leo tunachoma sindano kwa dakika chache. Wahitimu wengi hapa hatujawahi kutundika dripu hiyo, na sababu mojawapo ni kazi iliyofanyika jirani kabisa na tulipoketi.

Utafiti wa pili ndio uliotukosesha usingizi darasani. Vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono imepoa, mapigo dhaifu, ana mshtuko, yaani damu haizunguki mwilini ipasavyo, basi apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Nani angebisha? Lakini ushahidi kutoka hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi ulikuwa haupo. Muheza, Kilifi kule Kenya na hospitali nne za Uganda wakaingia kazini. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wa pili maji yenye albumini, protini ya damu, kwa haraka, wa tatu hawakupewa maji hayo ya haraka. Tiba nyingine zote walipata sawa, yaani dawa, oksijeni, sukari na damu kwa aliyeihitaji.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto ilisimamisha uandikishaji kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Ndani ya saa 48, makundi yaliyopewa maji ya haraka yalipoteza watoto asilimia 10.5 (maji ya chumvi) na 10.6 (albumini). Kundi lisilopewa lilipoteza asilimia 7.3. Tiba ambayo kila mtu aliamini inaokoa ilikuwa inaongeza vifo. (Tuseme wazi hapa ukumbini, asije mzazi akatoka na habari nusu: watoto wa kuharisha hawakuwemo katika utafiti huo. Mtoto wa kuharisha anayahitaji maji, na chumvichumvi ya ORS ibaki nyumbani kwako.)

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo watu hulipita haraka, nasi kama wauguzi hatuwezi kulipita. Vifo kwa ujumla vilikuwa pungufu kuliko watafiti walivyokadiria mwanzoni. Kwa nini? Hilo halikulinganishwa kwa makundi katika utafiti huo, kwa hiyo tunatoa maoni yetu tu. Watumishi walifundishwa kumtambua mtoto mahututi tangu mlangoni, oksijeni ilikuwepo, mtoto alipimwa na kupimwa tena usiku kucha, na kila kipimo kiliandikwa. Tunaamini uangalizi ule uliponya watoto. Utafiti ukiisha, vifaa hufungwa kwenye maboksi na uangalizi hurudi kwa muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wodi nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuguse na ridhaa. Mama aliyembeba mtoto wa degedege hawezi kusomewa kurasa za maelezo kisha akaweka dole gumba. Katika utafiti ule mama aliulizwa kwanza kwa mdomo, mtoto akatibiwa, na maelezo kamili na saini vikafuata hali ilipotulia. Tunaona huo ni utu. Tungependa tu maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoota nayo mama, iwe Kisambaa, Kibondei, Kizigua au Kiswahili cha kwao, na muuguzi aruhusiwe kumwambia kwamba akikataa, mwanawe atatibiwa vilevile.

Sasa twende nyumbani na mtoto. Siku ya kuruhusiwa wodi hufurahi, faili hufungwa, kitanda hupata mwingine. Ila mtoto aliyelazwa kwa kuishiwa damu kupita kiasi bado yumo hatarini kwa miezi kadhaa; uboho wake haujarudisha kilichopotea, na mbu wa kijijini hajui kwamba huyu katoka hospitali juzi. Utafiti uliofanyika katika hospitali tisa za Kenya na Uganda, matokeo yake yakatolewa mwaka 2020, uliwapa watoto wa aina hiyo dozi tatu za dawa ya malaria katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa. Katika kipindi hicho cha kinga, kufariki au kulazwa tena kulipungua kwa asilimia 70. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza njia hii katika maeneo yenye malaria nyingi. Kule Malawi wakauliza swali la kiuguzi hasa: dozi hizo apewe nani, lini? Ikaonekana kwamba mama akikabidhiwa zote siku anapoondoka, watoto wengi zaidi humaliza kuliko akiambiwa arudi hospitali kila mwezi. Yeyote aliyewahi kupanda bodaboda kutoka milimani Lushoto na mtoto mgongoni haoni ajabu.

Kwa hayo, tunaomba yafuatayo.

Kila utafiti unaofanyika katika hospitali za mkoa huu urudishe majibu wodini, kwa Kiswahili, kwa wauguzi waliojaza zile fomu na kwa familia zilizotoa watoto wao. Kupima uzito wa mtoto saa tisa usiku kwa ajili ya utafiti, kisha usijue utafiti ulitoa jibu gani, kunavunja moyo.

Pili, mashine za oksijeni, vipimo vya oksijeni vya kidoleni na vya sukari vinavyoletwa na miradi viingizwe kwenye orodha ya mali ya hospitali tangu mwanzo, na viwe na fundi.

Tatu, kinga ya baada ya kuruhusiwa ijadiliwe katika vikao vya afya vya mkoa, pamoja na utaratibu wa wodi kumjulisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwamba mtoto fulani yuko njiani. Sisi tuko tayari kuanza kwa daftari la kawaida, hata mfumo wa kompyuta ukichelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu.